Karatasi ya Nukta Nukta

Mwaka wa 1999 vita vilikuwa vimekata njia ya reli iendayo Kabalo, na Kamina ikajaa watu wasio na kazi pamoja na watu wasio na kwao. Waliokimbia kutoka kaskazini walilala madarasani na ndani ya mabehewa mabovu. Séraphin, mume wa Mwadi, alikuwa bado na kazi. Alishika fonii pale kituoni, redio ya kuulizana treni iko wapi, ijapokuwa treni zenyewe siku hizo zilikuwa za kuhesabu kwa vidole.

Siku moja ya mwezi wa tano wanajeshi walifika kituoni na lori, wakapakia mapipa matatu ya mazuti, mafuta ya treni, na kwenda zao bila kuacha hata kipande cha karatasi. Séraphin aliandika yote katika daftari la zamu: saa, idadi ya mapipa, lori lisilo na namba. Baadaye wakubwa walipohesabu na kuona pengo, hakuna aliyethubutu kwenda kuwauliza wenye bunduki, kwa hiyo lawama ikamwangukia mwenye kalamu. Tarehe nane ya mwezi wa sita polisi walimchukua Séraphin nyumbani, uji wake ukiwa bado wa moto, wakasema ni mwizi.

Mwadi hakuwa mwanamke wa kukaa kitako na kushika tama. Alimwendea mtu wa sokoni aliyejulikana kwa Kifaransa chake kizuri, naye akamwandikia jaji barua. Haikujibiwa. Akaandikisha ya pili, kisha ya tatu, kila moja ndefu kuliko mwenzake. Alipokuwa na ya nne mkononi, mama mmoja wa kwaya ya Wametodisti alimwambia aende kwanza kwa mama Salomé, ampigie barua ile kwa mashine, pengine wakubwa wangeiheshimu zaidi.

Mama Salomé alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya kanisa, mtu wa miaka hamsini na kitu, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Zamani alipiga chapa mahakamani miaka kumi na mmoja, mpaka mashine ya kule ikafa na nyingine isije. Alipokea barua ya Mwadi kwa mikono miwili, akaisoma yote, kurasa tatu, bila kuruka mstari. Kisha akavua miwani.

"Mama Mwadi, hii barua inalia muzuri. Minyi mwenyewe karibu nilie. Lakini jaji akiisha kuisoma, anapashwa kufanya nini?"

"Anapashwa kutosha bwana yangu mu prison, arudie ku nyumba."

"Wapi uliandika vile?"

Mwadi aliitazama barua. Ilimtaja Mungu mara sita. Ilitaja watoto, njaa, na marehemu baba mkwe aliyelaza reli kwa mikono yake. Ilimwita jaji baba wa yatima na jua la Haut-Lomami. Ombi lenyewe halikuwamo popote.

"Usisikie haya," alisema Salomé. "Niliona barua kama hii mingi sana, zinajaa mu armoire ya greffe, ku ofisi ya karani. Jaji haiko muntu mubaya. Anasoma, anasikia huruma, anaweka pembeni. Hakuna swali, basi hakuna jibu. Tangu mwezi ulianza, wamama saba balikuya hapa. Wote iko na barua ya machozi."

Akafungua mtoto wa meza na kutoa karatasi moja iliyoandikwa kwa penseli, imefutwafutwa na kuandikwa tena. Ilikuwa na mistari ya Kifaransa, chini ya kila mstari maneno ya Kiswahili, na baada ya maneno nukta nyingi zilizopangwa kama chungu wanaohama.

"Hii njo kintu nilikuwa natafuta. Muntu anajaza paka fasi ya nukta, pale tu. Jina. Tarehe balimukamata. Nani alimukamata. Namba ya mandat, ile karatasi ya kufunga muntu. Alionana na jaji, ao hapana. Kisha chini, kintu anaomba. Jaji akishika hii, hawezi kuiweka pembeni bila kujua anakataa nini."

Mwadi aliikagua karatasi ile kwa muda. Aliishia darasa la tano, Kifaransa kilimpita juu ya kichwa kama ndege, lakini maneno ya chini aliyasoma moja kwa moja bila msaada. Mwilini alisikia kitu alichokuwa amekisahau kwa siku arobaini na mbili: hamu ya kushika kalamu mwenyewe.

Tatizo lilikuwa karatasi. Kanisa lilibaki na chache za shule ya Jumapili tu. Mwadi akakumbuka ghala la kituo, mlimolala mafungu ya hati za mabehewa zilizochapwa upande mmoja, upande wa pili mweupe. Siku hizo nani alikuwa na mabehewa ya kuorodhesha? Alimwomba mkuu wa kituo, na mkuu, ambaye tangu Séraphin akamatwe alikuwa akimkwepa njiani kwa aibu, alimfungulia mlango na kumwambia achukue kadiri awezavyo kubeba. Alizitwika kichwani mpaka kanisani, vumbi la kiangazi likimfikia magotini.

Kesho yake aliketi kumtazama Salomé akifanya kazi. Salomé alipachika stensili katika mashine, ile karatasi ya nta ambayo herufi huitoboa ili wino upite, akapiga polepole, neno baada ya neno, akisimama kila mstari ili asome kwa sauti. Alipokosea herufi moja alipaka dawa nyekundu, akapuliza mpaka ikauke, akapiga tena. Hakuna aliyemwagiza kazi ile. Mchungaji alikuwa amemwambia tu kwamba mashine haikatazwi baada ya saa za ofisi. Hata hivyo aliifanya kama mtu anayeshona nguo ya harusi ya mwanawe. Kisha akaifunga stensili kwenye roneo, akazungusha mpini, na karatasi zikatoka moja moja zikinuka wino, upande wa nyuma zikiwa na safu tupu za namba za mabehewa.

Mwadi akasogeza ya kwanza mbele ya Salomé. "Nijazie, mama."

"Hapana. Utajaza weye."

"Mwandiko yangu ni mubaya."

"Mubaya ao muzuri, ni yako. Na mbele ya kujaza, sikiliza kwanza namna mambo inaendaka."

Salomé alinyoosha vidole juu ya meza. Alieleza kwamba polisi hana haki ya kumshika mtu zaidi ya saa arobaini na nane kabla ya kumpeleka parquet, kwa magistrat anayechunguza mashtaka. Magistrat akiona kuna sababu nzito, anaandika mandat, na nguvu ya mandat ile ni siku tano.

"Siku tano?" Mwadi alidhani amesikia vibaya.

"Tano. Zikiisha, anapashwa kumupeleka mbele ya jaji. Jaji njo anasema: baki ndani siku kumi na tano, ao rudia ku nyumba ungoje kesi. Kumi na tano ikiisha, jaji anaweza kuongeza mwezi. Kisha mwezi ingine. Lakini kila mara, jaji anapashwa kumusikiliza tena. Sasa, Séraphin alionana na jaji?"

"Sijue."

"Basi enda umuulize. Na uniletee namba ya mandat."

Mchana ule Mwadi alipeleka gerezani ugali wa bukari na mboga ya sombe kama kila siku, ila safari hii alipeleka na maswali. Séraphin alikuja kwenye wavu, ndevu zimemjaa, mashavu yameingia ndani. Kwa kawaida walizungumza habari za watoto mpaka muda uishe. Siku ile Mwadi hakumpa nafasi.

"Séraphin, ile karatasi magistrat alikusainisha, namba yake ni ngapi?"

Mume wake alifumba macho kidogo. "Mia mbili na kumi na ine. Tarehe tisa, mwezi ya sita. Saa ine ya asubui."

"Unaishikaje mu kichwa?"

"Kazi yangu ni nini? Namba ya treni, namba ya wagon. Ile namba nilikuwa naisema kila asubui, nisipotee akili."

"Na jaji? Ulimuona?"

"Jaji gani? Paka ule magistrat tu, mara moja. Tangu ile siku hakuna muntu aliniita."

Mwadi alirudi mbiombio. Kwenye meza ya kanisa alijaza mistari yote, ulimi ukiwa kati ya meno, akifuta kwa mate pale alipokosea. Palipoandikwa *Alionana na jaji?* aliweka *Hapana* na kuipigia mstari mara mbili. Chini kabisa palikuwa na viboksi viwili: cha kwanza, mfungwa aletwe mbele ya jaji, cha pili, aachiwe kwa muda, angoje kesi akiwa nyumbani.

"Ninachagua gani?"

"Zote mbili. Kwanza muntu aonekane. Kisha aachiwe."

Chini ya viboksi Salomé alikuwa amepiga mstari wa kukata, na chini ya mstari huo kipande kidogo: *Imepokelewa tarehe… Jina… Saini na muhuri.* Alikigusa kwa kidole. "Hii, usitoke kule bila hii. Hii njo meno ya karatasi yote."

Karani wa mahakama aliitwa tata, yaani baba, Cyprien, mtu mpole, mzito wa maneno, ambaye Mwadi alikwisha kumpelekea barua tatu. Alipomwona anaingia akanyoosha mkono kuelekea kabati, tayari kuipeleka barua ya nne kwa dada zake. Kisha macho yake yakashuka kwenye karatasi. Akaisoma, akaigeuza, akaona safu za mabehewa, akaigeuza tena.

"Hii marge ya vidole vine pembeni, jaji aandikemo," alisema taratibu. "Ni mama Salomé aliitengeneza, ao?"

"Njo yeye, tata."

"Miaka kumi na moja alikuwa anakaa pale." Alionyesha kwa kidevu meza tupu kando ya dirisha. Kisha akafika kwenye kile kipande cha chini. Kalamu ilikaa hewani. Mwadi alielewa kwamba akitia saini, siku zitaanza kuhesabika, na siku zikihesabika kuna mtu atakayeulizwa. Wakati wa vita kuulizwa si jambo dogo, wala Cyprien hakuwa na mjomba jeshini.

"Tata Cyprien," alisema Mwadi, "sikukuomba uamue. Nakuomba uandike kama ulipokea. Uliipokea, ao haukuipokea?"

Karani alimtazama. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyenaswa na ukweli, akavuta muhuri, akaupulizia pumzi kwa kuwa wino ulikuwa umekauka, akaugonga mara mbili. Alikata kipande kwa rula, kikanyooka vizuri, akampa.

Katika juma lile zilipokelewa karatasi kumi na mbili. Wanawake wa reli walizichukua, wakimbizi wakazichukua, akaja hata mama mmoja aliyeitwa Suzanne, aliyetoka Luena kwa baiskeli ya kukodi kwa ajili ya kijana wake mkubwa. Kila mmoja Salomé alimketisha, akamhesabia vidole vile vile, na kila mmoja akamkatalia kumjazia. Asiyejua kuandika alimtafutia jamaa yake wa kumwandikia, kisha akamtaka mwenyewe arudie kwa kinywa kila kilichoandikwa, mpaka kimkae.

Siku ya saba Salomé aliitwa parquet. Mwadi hakukubali aende peke yake.

Magistrat alikuwa kijana kuliko Mwadi alivyomdhania, macho mekundu kwa uchovu, mafaili yamepangwa sakafuni mpaka dirishani. Mbele yake palikuwa na karatasi moja ya nukta nukta.

"Nani alikupa ruhusa ya kutengeneza karatasi za mahakama?"

Salomé alisalimu kwanza, akauliza hali ya nyumbani, akangoja kukaribishwa kiti. Alipoketi ndipo akajibu. "Haiko karatasi ya mahakama, mheshimiwa. Ni barua. Sheria haikatazi muntu kuandikia jaji. Minyi niliweka tu nukta, fasi bantu banasahauka."

"Unawafundisha watu kutushtaki."

"Soma muzuri, mheshimiwa. Hakuna fasi moja inasema mubaya juu yako. Inauliza tarehe."

Kijana yule aliipitisha macho tena, pengine akitafuta tusi, asilipate. "Tuko magistrats wawili kwa district yote," alisema ghafla, na sauti yake haikuwa tena ya mkubwa. "Pikipiki hapana, petroli hapana. Unafikiri ninapenda bantu baozee mule?"

"Hapana," alisema Salomé. "Sifikirie vile hata kidogo."

Lakini stensili aliidai, na Salomé akaitoa kwenye mkoba ikiwa imefungwa vizuri ndani ya gazeti, akaiweka mezani kwa mikono miwili, akaaga.

Njiani Mwadi alishindwa kuzuia machozi. Kazi yote ile, kuchukuliwa kwa neno moja! Salomé alisimama kukung'uta kijiwe kwenye kiatu.

"Ile stensili ilikuwa imeanza kupasuka," alisema. "Na mustari wa saba nilisahau kuweka jina ya prison. Twende, jua haijashuka."

Mwadi alisimama pale barabarani akimtazama mgongo. Maishani mwake alikuwa ameona watu wakali na watu wa kelele, na kila mara alidhani huo ndio ushujaa. Huyu alikuwa na miwani ya uzi na hatua fupi fupi, na alikuwa tayari amekwenda mbele.

Siku mbili baadaye Cyprien alituma neno: Séraphin ataletwa mbele ya jaji Ijumaa.

Salomé alimpa Mwadi maneno ya kupeleka gerezani, akamrudisha mara tatu kuyasema mpaka akaridhika. "Mwambie: Ijumaa haiko siku ya kesi. Jaji hataamua kama aliiba. Ataamua tu kama angoje kesi ndani ao inje. Asianze kupiga mabishano juu ya mapipa. Aseme anakaa wapi, kazi yake, watoto wake, miaka ngapi iko Kamina. Jaji akiuliza juu ya mapipa, aseme daftari ya zamu iko ku kituo, basi."

Ijumaa Séraphin aliletwa kwa miguu kati ya polisi wawili, amenyolewa na wafungwa wenzake kwa kipande cha wembe. Mlango ulifungwa. Kikao kile si cha watu wote, hata mke habaki ndani. Mwadi aliketi barazani, kipande chenye muhuri amekikunja kiganjani mpaka kikalowa jasho.

Yaliyopita ndani alisimuliwa baadaye. Jaji, mzee mwenye sauti ya chini, alisoma karatasi ya Mwadi akiwa na mandat namba mia mbili na kumi na nne kando yake. Akamwuliza magistrat nguvu ya mandat ile iliisha lini. Magistrat akajibu ukweli: tangu katikati ya mwezi wa sita. Jaji akaandika pembeni, kwenye nafasi ya vidole vinne. Kisha akamgeukia Séraphin, naye Séraphin, ambaye kwa siku hamsini na zaidi alikuwa ameitunza hasira yake kama kaa la moto, alifungua kinywa kusema juu ya wanajeshi na lori lao. Akakifunga. Akasema anakaa cité, mtaa wa wafanyakazi wa reli, nyumba ya baba yake, kwamba ana miaka kumi na minane kwenye fonii, na kwamba daftari la zamu liko kituoni, ukurasa wa mwezi wa tano.

Alirudishwa gerezani usiku mmoja zaidi, kwani uamuzi ulitoka kesho yake. Aliachiwa kwa muda, kwa sharti asitoke Kamina bila ruhusa na ajionyeshe parquet kila Jumatatu. Mwadi alikuwa langoni alipotoka. Hawakukumbatiana, haikuwa desturi yao barabarani. Alimpokonya tu kifurushi cha nguo na kutangulia mbele, ili asimwone uso.

Si karatasi zote kumi na mbili zilizopata neema hiyo. Watano waliachiwa. Wengine waliambiwa wabaki, akiwemo kijana wa Suzanne, lakini safari hii walipewa sababu kwa maandishi, na Salomé akawaonyesha jamaa zao kwamba uamuzi ule una rufaa yake, na muda wake ni siku moja tu, kwa hiyo wakimbie. Walikimbia kweli, Suzanne na kilemba chake mkononi, mpaka kwa Cyprien, aliyekuwa amekwisha kufunga mlango, akaufungua.

Jumamosi iliyofuata Mwadi na Séraphin walikwenda kumshukuru mama Salomé. Walichukua samaki wakavu wa ziwa Kisale na kikapu cha unga. Séraphin alikuwa ameandaa maneno, akayatamka akiwa amesimama, kofia mkononi, na kumalizia kwa Kiluba kama ilivyompasa: "Wafwako, mama. Wafwako." Salomé alimsikiliza kwa adabu yote, akapokea kikapu, akamwita binti yake akakipeleke jikoni. Kisha akavuta kiti.

"Kaa, tata Séraphin. Jaji alikuuliza nini ya kwanza?"

Séraphin akamweleza.

"Ya kwanza kabisa? Mbele ya jina, ao nyuma?"

Alikuwa na penseli na karatasi mpya. Aliuliza kila swali, kila jibu, nani alikohoa, nani alisimama, jaji aliandika lini na wapi. Mwadi aliona jinsi mume wake, aliyerudi nyumbani bila maneno, akikaa siku nzima akitazama mlango, alivyoanza kunyooka kitini. Alikuwa akitoa taarifa, kama zamani kwenye fonii, na upande wa pili kulikuwa na mtu anayepokea.

Walipofika mwisho Salomé aliisoma karatasi yote kwa sauti, mistari kumi na minne sasa. Kwenye mstari wa pili Mwadi alijisogeza.

"Mama, pale uliandika *mtuhumiwa*. Wamama wa Luena hawajue ile neno. Suzanne alidhani ni jina ya cheo. Andika *muntu balikamata*."

Salomé alimtazama juu ya miwani. Kisha akalikata neno lile kwa mstari mmoja ulionyooka, na kumsogezea Mwadi penseli.